Wanaosoma Udongo wa Yeriko

Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871, na kifaa chake cha utafiti kikawa penseli. Alikata kibanzi kwenye kizingiti cha mbao, akakinusa, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona rangi ni ile na harufu ni ile. Penseli ni ya mwerezi, basi kizingiti nacho ni mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Wauzaji wake walikuwa Wafoinike. Wafoinike walimjengea Mfalme Sulemani. Kwa hiyo jengo hili ni la Malkia wa Sheba. Hoja ilitoka puani ikafika Yerusalemu bila kukanyaga ardhi. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba mti ule unaota kusini mwa Afrika huko huko.

Hakuwa wa kwanza kuota ndoto hiyo. Wareno waliotia nanga Sofala katika karne ya 16 walisikia habari za dhahabu ya bara, na baadhi yao wakaamini wameifikia Ofiri, nchi ambayo Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinasema merikebu za Sulemani zilichota dhahabu. Kwa mtu wa Mwambao habari hii inachekesha kidogo, maana dhahabu ya Sofala haikuwa siri hata kidogo Kilwa. Ndiyo iliyowatajirisha masultani waliojenga Husuni Kubwa. Lakini baada ya watu wa Cecil Rhodes kuitwaa nchi ile, ndoto ikapata kazi ya kufanya. Kama Zimbabwe ilijengwa na wageni wa kale, basi mgeni mpya anayekuja kuichukua hanyang'anyi, anarithi.

Aliyepewa jukumu la kuyatunza magofu hayo mwaka 1902, Richard Hall, aliamini kwa dhati kwamba chini ya kile alichokiona kuwa uchafu wa Waafrika kuna mabaki ya Ofiri. Akachimba, akazoa, akatupa nje tabaka za udongo zenye kina cha mita kadhaa. Ofiri haikutokea. Kilichokuwa kwenye makarai yale ndiyo historia yenyewe ya mji: majivu ya mekoni, vigae vya vyungu, sakafu za udongo uliosiribwa, kizazi juu ya kizazi. Alikuwa akikitupa kile alichoajiriwa kukitunza.

Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alitumwa kutoka Uingereza akaumalize ubishi. Alikwenda na wanawake wenzake wawili, na mmoja wao, mpiga picha wa msafara, alikuwa binti wa miaka 23 aitwaye Kathleen Kenyon. Baba yake, Sir Frederic Kenyon, alikuwa mkurugenzi wa Jumba la Makumbusho la Uingereza na bingwa wa hati za kale za Biblia. Nafurahia sana jambo hili: binti aliyelelewa katikati ya maandiko aliuanza uchimbaji huku kwetu Afrika, mahali ambapo maandiko hayo yalikuwa yametwikwa mzigo usio wao. Wanawake wale walitafuta sehemu ambazo mkono wa Hall haukufika, wakachimba chini ya kuta na chini ya sakafu ambazo hazijavunjwa. Kitu kilicholala chini ya sakafu nzima hakiwezi kuwa kiliingia baada ya sakafu kusiribwa. Mantiki yote ni hiyo, na haidai shahada. Ushanga wa kigeni na vigae vya wenyeji vikatoa jibu: wajenzi walikuwa Waafrika, na kazi yao ni ya zama za kati, karne nyingi baada ya Sulemani. Baadaye sana ilipatikana pale sarafu moja ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kumbe Sulemani alikuwamo Zimbabwe, ila ni wa Kilwa, na aliingia kwa njia ya ubini.

Watu wengi huijua akiolojia kwa vinavyotolewa ardhini: sanamu, mifupa, kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun. Ukiwakuta mafundi wenyewe kazini, utashangaa jinsi wanavyotumia muda wao wakitazama ubavuni. Wanatazama ukuta wa shimo.

Ingia katika shimo lililochimbwa na mtu anayeijua kazi. Kingo zimenyooka kwa timazi, pembe zimekaa mraba, na ukuta umekwanguliwa kwa mwiko hadi udongo umetoa rangi zake. Juu kabisa kuna mizizi ya majani. Chini yake vumbi la kijivu lenye kokoto. Kisha mstari mweusi usiozidi unene wa kidole: hapa paliungua. Chini ya mstari kuna bamba jeupe la chokaa, limelala sawasawa, kisha linakatika ghafla shibiri moja kabla ya kuufikia ukuta wa nyumba. Kwa nini likatike? Kwa sababu mtu alikuja baadaye, akachimba mtaro wa msingi akaitoboa sakafu ya waliomtangulia, akasimamisha ukuta wake, kisha akaujaza mtaro kwa udongo wowote uliokuwa karibu. Basi ukuta ni mchanga kuliko sakafu, ijapokuwa vimekaa usawa mmoja na kwa macho ya haraka ni vya nyumba moja. Kama sakafu ingefika hadi ukutani na kuupanda kidogo, hukumu ingegeuka: ukuta ulikuwepo kwanza, sakafu ikaufuata. Tofauti ya miaka mia tano inaweza kukaa ndani ya shibiri hiyo moja.

Ndiyo maana fundi hachimbi kwa kuufuata ukuta. Waliotangulia katika kazi hii walifanya hivyo: wakiona mawe yamepangana, waliyafuata yanakokwenda, wakiyaondolea udongo pande zote mbili, na mwisho wakapata ramani nzuri sana ya jengo. Nalo jengo likabaki uchi, limetenganishwa na kila sakafu iliyowahi kuligusa, na hakuna tena awezaye kusema ni la lini. Halafu kuna mashimo: ya taka, ya choo, ya kaburi, ya nguzo, ya panya. Mtu akichimba shimo la taka leo, kigae chake kinashuka na kulala jirani na kigae cha miaka elfu iliyopita. Anayechimba kwa kuhesabu sentimita tu atavitia vyote katika mfuko mmoja na kuvipa umri mmoja. Anayesoma rangi ataona ukingo wa shimo, atalichimba kwanza hilo shimo peke yake, vitu vyake katika mfuko wao, na lebo yao, ndipo aguse tabaka linalolizunguka. Ni kazi ya polepole inayokera. Watu wazima wawili wanaweza kupiga magoti asubuhi nzima juu ya eneo la ukubwa wa mkeka wakibishana kama kahawia hii na kahawia ile ni tabaka moja au mawili.

Na udongo ukishatoka haurudi. Mkemia akikosea hurudia jaribio. Mchimbaji anauharibu ushahidi kwa kitendo kilekile cha kuusoma. Kinachobaki ni daftari, michoro, picha na mifuko yenye lebo.

Babu wa ufundi huu katika nchi za Biblia ni Flinders Petrie, mtu wa ajabu ambaye hata baada ya kufa Yerusalemu mwaka 1942 aliuacha mwili wake huko na kichwa chake kikapelekwa London kwa ajili ya sayansi. Alikwenda Misri mwaka 1880 kuipima Piramidi Kuu kwa sababu katika ukoo wao walivutiwa na nadharia kwamba vipimo vyake vimebeba ujumbe wa Mungu, inchi takatifu iliyofichwa katika mawe. Akapima kwa uangalifu ambao hakuna aliyewahi kuutumia pale, na vipimo vyake vikaiua nadharia. Hakuvifinyanga vipimo. Mwaka 1890 alichimba kwa wiki sita huko Tell el-Hesi, kilima ambacho kijito kilikuwa kimekila ubavu mmoja na kuziacha tabaka wazi. Akapita kando ya ubavu ule akaona kwamba vigae hubadilika kadiri mtu anavyopanda: umbo la mkono wa mtungi, unene wa mdomo, rangi iliyopakwa. Hapo ikapatikana saa ya nchi nzima, imeundwa kwa vitu ambavyo hakuna jeshi lililowahi kuhangaika kuviteka.

Miaka sita baadaye Petrie huyohuyo alipata Thebes jiwe la Farao Merneptah, la mwishoni mwa karne ya 13 kabla ya Kristo. Mle ndani, kati ya watu walioshindwa, limo jina la Israeli, ambalo wataalamu wengi wanakubali kuwa ndiko kutajwa kwake kwa kale zaidi nje ya Biblia. Wahubiri wamelipenda jiwe hilo, na wana haki. Ila huwa hawasomi mstari wenyewe hadi mwisho, maana Farao anajigamba kwamba Israeli imefutika na mbegu yake haipo tena. Jiwe nalo linaweza kusema uongo. Vigae havina cha kujigamba.

Sasa Yeriko. Kilima cha Tell es-Sultan, kando ya chemchemi katika bonde la Yordani, kiko karibu mita 250 chini ya usawa wa bahari, na chenyewe kimeinuka kama mita 20. Hakuna aliyekirundika kwa makusudi. Watu walijenga kwa matofali mabichi. Nyumba ya matofali mabichi inadumu kizazi kimoja au viwili, kisha mvua, tetemeko au vita vinaiangusha. Mwenye nyumba hausombi udongo, anausawazisha na kujenga juu yake. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka, mji unapanda. Katika miaka ya 1930 John Garstang alikuta humo kuta mbili za ngome zilizoanguka zikiwa zimeungua. Akazipa tarehe ya karibu mwaka 1400 kabla ya Kristo, na akatangaza kwamba ndizo zile za Yoshua sura ya 6. Garstang alikuwa mchimbaji mzoefu wala hakuwa laghai. Kuta alizikuta kweli, kuungua zimeungua kweli. Mwenyezi Mungu amempa mtu alichokitafuta, nani atauliza tena?

Aliyeuliza ni yule mpiga picha wa Zimbabwe. Kati ya msafara ule na Yeriko alikuwa amepitia mikononi mwa Mortimer Wheeler huko Verulamium, Uingereza, ambako alijifunza kuchimba miraba na kuacha katikati yake kingo zisizochimbwa ili ukuta wa shimo usomeke pande zote. Alianza Yeriko mwaka 1952, akaendelea hadi 1958. Wengi wa waliofanya naye kazi walikuwa wanaume wa huko huko, Wapalestina ambao baadhi yao walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi zilizozuka baada ya vita vya 1948, nami sielewi kwa nini vitabu huwataja kwa idadi tu kama mizigo. Tofali bichi lililosimama ukutani na tofali lililoanguka ni udongo uleule, rangi ileile. Anayeyatofautisha ni mshika sururu, kwa jinsi mpini unavyomjibu mkononi: hapa udongo umeshikana, hapa umelegea. Profesa anayesoma tabaka anasoma kilichokwisha kusomwa na mkono wa mtu huyo.

Kenyon alikata mtaro mkubwa kupitia ubavu wa kilima, hadi mwambani. Ukutani mwa mtaro ule ikaonekana kwamba kuta mbili za Garstang hazikuwahi kusimama pamoja. Kila moja ilikuwa na mtaro wake wa msingi, na vigae vyake. Zilikuwa za Enzi ya Shaba ya awali, karibu miaka 1000 kabla ya tarehe aliyoitoa Garstang, na ngome ya enzi hiyo ilikuwa imejengwa na kukarabatiwa mara 17 hivi, ikiangushwa na matetemeko, moto na mmomonyoko. Mji wa baadaye zaidi uliteketea karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo. Na kwa wakati ambao wengi walimweka Yoshua, juu ya kilima kizima alikuta kipande cha sakafu cha kama mita moja ya mraba, tanuri la udongo na kijagi kimoja.

Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Ilikuwa rahisi kupanda jukwaani na kusema Biblia imeumbuliwa, na makofi yangepigwa katika kumbi fulani. Ilikuwa rahisi pia kunyamaza. Yeye akaeleza alichokiona ubavuni mwa kilima: mvua za karne nyingi zilikuwa zimekwangua sehemu ya juu, zikashusha majivu na matofali chini ya mteremko, kwa hiyo mji wa wakati ule, kama ulikuwepo, umeondoka na maji. Kilima hiki hakina ushahidi wa upande wowote kuhusu Yoshua. Kuna watu hadi leo wamemkasirikia kwa sentensi hiyo, wa kanisani na wasioamini vilevile. Wa kwanza waliagiza ndiyo, wa pili waliagiza hapana, na yeye akawarudishia wote fedha zao.

Ardhi haikumnyima. Chini kabisa, katika tabaka ambazo hakuna mtu aliyemtuma kuzitafuta, ulisimama mnara wa mawe wenye kimo cha zaidi ya mita nane na ngazi ndani yake, uliojengwa karibu miaka 8000 kabla ya Kristo na watu ambao hawakuwa hata na chungu. Mwishoni mwa msimu wa 1953 fuvu la kichwa lilionekana likichungulia kutoka katika ukuta wa shimo. Kwa fundi wa aina yake huo ni mtihani: ukilitoa, umeuharibu ukuta ulioutunza msimu mzima. Kenyon aliacha lisubiri. Ukuta ukachorwa, ukapigwa picha, ndipo akaruhusu litolewe. Lilikuwa limesiribwa kwa lipu likapewa upya sura ya mtu, pua, mashavu, na macho ya kome. Nyuma yake yakatoka mengine, hadi yakawa saba, na mojawapo lilikuwa na macho ya kauri, na mipasuko ya kauri imemfanya aonekane kama anasinzia. Watu walikuwa wamewaweka wazee wao nyumbani. Hakuna kitabu duniani kilichokuwa kimewataja, na wasingepatikana kama mtu angekuwa na haraka ya kumfikia Yoshua.

Nisieleweke kwamba udongo na Andiko havipatani. Huko Ketef Hinnom, kwenye mteremko wa Yerusalemu, mwaka 1979 timu ya Gabriel Barkay ilikuta ndani ya pango la makaburi vijikaratasi viwili vya fedha vilivyokunjwa vikawa kama vipande vya sigara. Ilichukua miaka mitatu kuvikunjua bila kuvivunja. Ndani, kwa herufi zilizokwanguliwa kwa kitu chenye ncha, yamo maneno ya baraka ya makuhani ileile iliyomo Hesabu sura ya 6, ambayo makanisa yetu hufungia ibada kila Jumapili. Vina umri wa karibu miaka 2600, karne kadhaa kabla ya hati za Bahari ya Chumvi. Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa vilikuwa ni nini. Ni hirizi, mtu alivaa neno la Mungu mwilini, akazikwa nalo. Na Barkay hakwenda pale kuthibitisha Hesabu. Alikuwa akisafisha makaburi ambayo kila mtu aliamini yameporwa zamani.

Soko la vitu vya kale halina subira hiyo. Limejaa maandishi ya kale yanayothibitisha mno, na mwaka 2020 jumba la makumbusho la Biblia la Washington lilitangaza kwamba vipande vyake vyote 16 vilivyouzwa kama hati za Bahari ya Chumvi ni bandia. Kitu kisicho na tabaka kilikotoka kinaweza kusema chochote ambacho mnunuzi angependa kusikia.

Kenyon alifariki mwaka 1978 kabla ya kumaliza kuchapisha Yeriko. Wenzake wakatoa majuzuu yaliyobaki, mazito, yamejaa michoro ya midomo ya vyungu na kuta za mashimo, vitabu ambavyo hakuna awezaye kuvisoma kwa raha. Mwaka 1990 Mmarekani Bryant Wood alivifungua akaandika kwamba Kenyon alikosea, na kwamba mji uliteketea karibu mwaka 1400 kama Garstang alivyosema. Wataalamu wengi hawakumfuata, na tarehe moja ya kaboni aliyoitegemea ilisahihishwa na maabara ya Makumbusho ya Uingereza yenyewe kwa sababu ya hitilafu ya vipimo. Lakini sehemu kubwa ya ubishi wake, kigae kwa kigae, aliujenga juu ya michoro ambayo Kenyon na wenzake waliichora wakiwa wamepiga magoti vumbini, na vigae ambavyo waliviandikia lebo, tabaka kwa tabaka.